Mzigo wa Flashi: Programu Mpya, Kompyuta Kuukuu

Tuseme kuna kijana wa Mwembesongo, Manispaa ya Morogoro, aliyemaliza chuo akafungua steshenari. Mchana anatoa fotokopi, anachapa barua za maombi ya kazi na anapiga Windows kwenye kompyuta za watu. Usiku, wateja wakiisha, anaandika programu ya vikundi vya kuweka na kukopa: majina ya wanachama, hisa, mikopo, marejesho na faini. Kwenye kompyuta mpakato yake programu inateleza kama maji. Vikundi vitano vinaitaka. Viwili viko mjini, kimoja Kinole, kimoja Matombo na kimoja Mgeta. Anainakili kwenye flashi na kuanza safari.

Kikundi cha kwanza, kompyuta inamjibu kwamba faili hilo haliwezi kuendeshwa na mashine ile. Cha pili, programu inafunguka na mweka hazina anajaza fomu yote hadi mwisho. "Mwanangu, nimeshaandika, sasa nibonyeze wapi?" anauliza mama wa watu. Kitufe cha "Hifadhi" kipo, ila kimeangukia chini ya ukingo wa kioo na hakuna wa kukiona. Cha tatu kila kitu kinaonekana sawasawa, lakini risiti ya kwanza inatoka na tarehe ya Januari 2009. Cha nne, kompyuta inadai nywila ya msimamizi, na anayeijua ni fundi aliyehama mji zamani. Cha tano, kule Mgeta, kazi inakwenda vizuri siku mbili. Siku ya tatu umeme unakatika karani akiwa katikati ya kuandika, na faili la data halifunguki tena.

Kijana huyo ni wa kubuni. Mikosi yake mitano si ya kubuni hata mmoja. Fundi yeyote aliyewahi kusambaza programu nje ya ofisi yake atakuwa amekutana nayo. Tena si mafundi wa vibanda peke yao. Wizara, vyuo vikuu na mashirika ya kimataifa yamebeba mzigo huuhuu kwa miongo kadhaa, na baadhi ya majaribio ya mapema yalifanyika hapohapo Morogoro, chini ya milima ya Uluguru.

Kabati na karani wake

Kanzidata ni kabati la mafaili lililo ndani ya kompyuta. Programu ya kanzidata ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kabati lenyewe, yaani data. Ya pili ni karani anayelihudumia: fomu za kujazia, kanuni za kuzuia makosa, na ripoti za kuchapa mwisho wa mwezi. Programu inapoitwa ya mezani, maana yake kabati na karani wanakaa kwenye kompyuta moja, au kwenye ofisi moja, bila kuhitaji intaneti.

Hapo ndipo penye faida yake. Mtandao ukipotea, kazi haisimami, na hakuna mtu wa kuambiwa "subiri, mfumo uko chini". Hasara nayo iko hapohapo. Kila kompyuta lazima ipate karani wake, na kompyuta hazifanani. Moja ilinunuliwa mpya, ya pili ni msaada wa mradi uliokwisha, ya tatu ni mtumba uliopitia Kariakoo. Mwandishi wa programu anajua mashine moja tu, ya kwake. Waswahili walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Waliowahi kufanikiwa katika kazi hii walianza kwa kukubali jambo hilo. Mwaka 1985 UNESCO ilitoa toleo la kompyuta ndogo la CDS/ISIS, programu ya kuorodhesha vitabu na machapisho, ikaigawa bure kwa taasisi zisizotafuta faida. Mwaka huohuo CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kilitoa Epi Info ya kuandika na kuchambua takwimu za magonjwa, nayo bure. Zote mbili ziliendeshwa kwenye DOS, mfumo ulioziachia programu KB 640 tu za kumbukumbu. Picha moja ya simu ya leo huzidi kiasi hicho mara kadhaa. Zilisafiri kwa disketi, ambazo hata zile kubwa za baadaye zilibeba MB 1.44 tu. Aliyekuwa nazo alimnakilia mwenzake, na mwenzake naye akamnakilia jirani. Zilienea maktaba na wizara za Afrika kwa sababu zilidai kidogo kutoka kwa mashine zilizozipokea.

Kuna walioamua kusafirisha kabati zima. Kuanzia 1999 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilisambaza TEEAL, maktaba ya majarida ya kilimo iliyojazwa kwenye CD zaidi ya mia moja, kwa vyuo vya nchi ambazo intaneti yake ilikuwa ya kusuasua. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, hapo Morogoro, ni miongoni mwa vilivyoipokea. Mwanafunzi alitafuta makala kwenye kompyuta ya maktaba na kuisoma hapohapo, na nyongeza za mwaka mpya zilifika kwa njia ileile, ndani ya sanduku.

Wilaya iliyopewa michoro

Wakati huo sekta ya afya nayo ilikuwa imelemewa na karatasi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, zahanati na vituo vya afya vya Tanzania vilijaza vitabu vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Takwimu zilipanda kutoka zahanati hadi wilaya, mkoa na taifa. Kushuka ilikuwa shida: aliyezikusanya mara chache alirudishiwa jibu lenye manufaa kwake.

Katika nusu ya pili ya muongo huo Wizara ya Afya, pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili: Rufiji, na Morogoro Vijijini kabla Mvomero haijamegwa kuwa wilaya yake. Swali lilikuwa jepesi kulitamka: timu ya afya ya wilaya ikipewa takwimu sahihi, na fedha kidogo za nyongeza, itaokoa maisha zaidi? Mradi ukatengeneza zana za kompyuta kwa ajili ya timu hizo. Moja iligeuza takwimu za vifo, ambazo kwa Morogoro zilikusanywa kaya kwa kaya kupitia mradi mwingine uitwao AMMP, kuwa michoro inayosomeka kwa mtazamo mmoja. Nyingine ilionyesha bajeti ya wilaya inakwenda wapi.

Michoro hiyo miwili ilipowekwa pamoja, pengo lilionekana waziwazi. Malaria ilibeba kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, lakini bajeti ya afya ya 1996 iliitengea asilimia 5. Wilaya zilibadili mipango yao. Kitabu kilichotolewa mwaka 2004 na Don de Savigny, Harun Kasale, Conrad Mbuya na Graham Reid, waliokuwa ndani ya mradi huo, kinaeleza kwamba vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano. Programu peke yake haikutibu mtoto hata mmoja. Kulikuwa na dawa, mafunzo na redio za mawasiliano. Ila waliotengeneza zana zile walianza na mtu aliyekaa mbele ya kioo: daktari wa wilaya mwenye kompyuta ya kawaida, asiye na muda wa kujifunza takwimu upya.

Kusini mwa bara, wataalamu wa Afrika Kusini na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, walikuwa wakiandika DHIS, programu ya takwimu za afya za wilaya, juu ya Microsoft Access. Uamuzi huo uliwaleta wengi kwenye chombo kimoja kwa sababu rahisi: Access ilikuja ndani ya kifurushi cha Office ambacho ofisi nyingi za serikali tayari zilikuwa nacho. DHIS ilifika Tanzania Bara na Zanzibar miaka ya 2000, ikawekwa kompyuta moja baada ya nyingine, na data zake zikahama kwa faili.

Mfano wa karibu zaidi na mwananchi uko kwenye vituo vya tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU, vile ambavyo kila mtu anaviita CTC. Mpango wa taifa wa kutoa ARV ulianza Oktoba 2004. Kadiri wagonjwa walivyoongezeka, karatasi zilishindwa kujibu maswali ya kawaida kabisa: nani hajaja mwezi huu, nani anapaswa kubadilishiwa dawa. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI, ukishirikiana na Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UCC, ukaweka kanzidata ya CTC2, iliyojengwa kwa Microsoft Access, kwenye mamia ya vituo. Mhudumu hujaza kadi ya mgonjwa, karani wa takwimu huingiza kadi hiyo kwenye kompyuta, na nakala ya data hupelekwa juu kuunganishwa katika kanzidata ya taifa, CTC3.

Namba ya mgonjwa katika mfumo huo inastahili kutazamwa na kila anayetaka kuandika programu ya aina hii. Ina tarakimu 14: mbili za mkoa, mbili za wilaya, nne za kituo na sita za mgonjwa mwenyewe. Kompyuta ya kituo haizungumzi na ya kituo kingine, kwa hiyo namba lazima ijitofautishe yenyewe tangu inapozaliwa. Kijana wetu wa Mwembesongo aliacha programu ijipangie namba 1, 2, 3 kwa kila kikundi. Siku vikundi vitano vitakapotaka kuunganisha daftari zao, kutakuwa na wanachama watano wenye namba 1, na hakuna kompyuta itakayojua mkopo ni wa nani.

Mikosi mitano, mmoja mmoja

Kwanza, faili lililokataa kufunguka. Kompyuta za kuanzia miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 nyingi ni za biti 32. Za leo ni za biti 64. Namba hizo zinaeleza upana wa njia ambayo kompyuta inatumia kufikia kumbukumbu yake, na mashine ya biti 32 kwa kawaida haivuki GB 4. Programu ya biti 32 mara nyingi huendeshwa kwenye mashine ya biti 64. Kinyume chake hakiwezekani kabisa. Kwa Access mambo ni magumu zaidi: faili lililofungwa kwa Access ya biti 64, yaani lile ambalo mtumiaji hawezi kulifumua, halifunguki kwenye Access ya biti 32. Tangu toleo la Office 2019, Microsoft husakinisha ya biti 64 bila kuuliza, hivyo kijana aliyenunua kompyuta mpya anaweza kuifungia nje nusu ya wateja wake bila kujua.

Umri wa Windows nao una mipaka yake. Office 2010 ndiyo ya mwisho kukubali Windows XP; iliyofuata, ya 2013, ilidai Windows 7 au mpya zaidi. Muundo wa mafaili ya Access ulibadilika mwaka 2007, na toleo la 2003 haliwezi kusoma muundo huo mpya. Kwa hiyo anayesambaza programu huuliza kwanza kompyuta ya zamani kabisa ina Windows ipi na biti ngapi, kisha hujenga kwa kufuata jibu hilo.

Pili, kitufe kilichozama. Monita nyingi za zamani zinaonyesha nukta 1024 kwa 768. Kompyuta mpakato ya kisasa huonyesha 1920 kwa 1080. Fomu iliyochorwa kujaza kioo kikubwa huangusha theluthi yake ya chini nje ya kioo kidogo, na vitufe hupenda kukaa chini. Dawa yake haina gharama: punguza ukubwa wa kioo chako hadi 1024 kwa 768 kabla ya kuanza kuchora, na kitufe cha kuhifadhi kiweke juu.

Tatu, tarehe ya 2009. Kila kompyuta ya mezani ina kibetri cha mviringo, kama sarafu, kinachoendesha saa yake ikiwa imezimwa. Kikifa, kila ikiwashwa kompyuta hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Kwa anayechapa barua hiyo ni kero ndogo. Kwa programu ya mikopo ni maafa, kwa kuwa riba, faini na siku za marejesho vyote huhesabiwa kwa tarehe. Programu yenye busara huangalia muamala wa mwisho ulioandikwa. Tarehe ya leo ikiwa nyuma ya huo, inasimama na kumwomba karani arekebishe saa. Kuna mtego mwingine hapo pembeni. Windows nyingi husakinishwa kwa mpangilio wa Marekani, unaoanza na mwezi kabla ya siku. Karani akiandika 3/4 akimaanisha tarehe tatu Aprili, kompyuta inasoma Machi 4, na kwa kuwa zote ni tarehe halali, hakuna onyo lolote. Fomu inayoandika jina la mwezi kwa herufi inaziba mwanya huo. Saa nazo zinataka uangalifu: anayesema saa mbili asubuhi anamaanisha 2, kompyuta inataka 8.

Nne, nywila ya msimamizi. Windows inazuia mtumiaji wa kawaida kuandika kwenye makabrasha ya mfumo, na ina sababu nzuri. Programu inayojisakinisha ndani ya kabrasha la mtumiaji mwenyewe, isiyogusa makabrasha hayo, mara nyingi haihitaji ruhusa ya mtu aliyehama mji. Injini ndogo za kanzidata zinasaidia hapa. SQLite, iliyoanzishwa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000, haisakinishwi hata kidogo. Inakaa ndani ya programu yenyewe, haifiki MB chache, ni ya bure kwa yeyote, na kabati lake lote ni faili moja. Muundo wa faili hilo haujavunjwa tangu 2004, na watunzaji wake wameahidi kuuhudumia hadi 2050.

Tano, umeme. Access huandika ndani ya faili lenye mpangilio maalumu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mpangilio huo unaweza kuvurugika. Ina zana ya kujibana na kujitengeneza, na mara nyingi inaponya, ila si kila mara. Faili lake pia halivuki GB 2. Likikaribia hapo huanza kuchoka. SQLite inajihadhari kwa kuweka kumbukumbu ya muamala kabla ya kuukamilisha. Umeme ukirudi, muamala uliokatika hufutwa na kabati linabaki kama lilivyokuwa. Hata hivyo hakuna injini inayochukua nafasi ya nakala ya akiba. Programu ya vijijini inapaswa kuweka nakala yenyewe kila inapofungwa, na kumkumbusha karani kila Ijumaa achomeke flashi ya pili, ile inayolala nyumbani kwa mwenyekiti.

Namna ya kufunga mzigo

Anayeteremsha ndizi kutoka Uluguru hufunga mkungu kwa kufikiria njia na kichwa cha mbebaji. Kufunga programu kuna mantiki ileile, na mafundi wazoefu wana kanuni chache wanazozirudia.

Wanatenganisha kabati na karani. Data zinakaa kwenye faili lake. Fomu na ripoti kwenye faili jingine. Toleo jipya likija, anabadilishwa karani tu, kabati haliguswi. Asiyefanya hivyo hugundua kosa lake siku anapofuta toleo la zamani na kufuta pamoja nalo akiba ya mwaka mzima ya akina mama.

Wanabeba kila kitu ndani ya flashi. Visakinishi vingi vya siku hizi ni vidogo kwa sababu vikifika kwenye kompyuta vinaanza kupakua vilivyobaki kutoka intaneti. Kinole hilo halina maana. Kisakinishi kamili, chenye mafaili saidizi yote ambayo programu inayahitaji, ni kizito zaidi lakini kinamaliza kazi hapohapo. Kwa Access, Microsoft hutoa bure toleo la kuendesha tu, ambalo linafungua programu bila mteja kununua Office. Linatolewa kwa biti 32 na 64, na lazima lifanane na Office iliyomo tayari kwenye mashine, la sivyo hugombana.

Wanaandika namba ya toleo mahali inapoonekana, juu ya dirisha la kwanza. Karani akipiga simu kwamba "mfumo unasumbua", swali la kwanza ni namba hiyo.

Kingine ni flashi yenyewe. Flashi inayopita kompyuta tano inaweza kubeba virusi kutoka ya kwanza hadi ya tano, na kompyuta za zamani ndizo zenye kinga hafifu. Anayejali wateja hukagua flashi yake kabla na baada ya kila kituo, au hubeba CD, ambayo ikishachomwa haiandikiki tena.

Jambo la mwisho ni kuwa na kompyuta kuukuu ya kujaribia. Mashine ya mtumba yenye GB 1 ya kumbukumbu, monita ndogo na saa iliyokufa itafichua katika dakika kumi yale ambayo kompyuta mpakato mpya itayaficha mwaka mzima.

Siku ya kubadilisha toleo

Kufikisha programu mara ya kwanza ni nusu ya kazi. Halmashauri za Tanzania zinalijua hilo kupitia PlanRep, programu ya kupanga mipango na bajeti iliyokuwa ikiwekwa kwenye kompyuta za kila halmashauri. Kila kanuni za bajeti zilipobadilika, nakala zote zilipaswa kubadilishwa, na maofisa mipango walisafiri na data zao kwenda kuziunganisha. Septemba 5, 2017, mjini Dodoma, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua PlanRep mpya, inayotumika kupitia intaneti, kwa ajili ya halmashauri zote 185 za wakati huo. Nakala ikawa moja, na toleo likawa moja.

Kenya ilifika huko mapema. Ilipojaribu DHIS2, mrithi wa ile DHIS ya Access, katika Mkoa wa Pwani, wataalamu waligundua kwamba modemu ya simu inaweza kuifikia seva kuu kutoka kituo cha mbali, wakaacha wazo la kuiweka kwenye kila wilaya. Mwaka 2011 mfumo ulikwenda nchi nzima kupitia seva moja. Tanzania nayo ilisambaza DHIS2 mikoani miaka miwili hivi baadaye.

Basi, kwa nini bado kuna anayeandika programu ya mezani? Kwa sababu intaneti haijaondoa tatizo la mashine kuukuu, imelihamisha. Mfumo wa intaneti hufunguliwa kwa kivinjari, na vivinjari vinazeeka pia. Chrome ya 109, ya mwaka 2023, ndiyo ya mwisho iliyokubali Windows 7. Mfumo unaodai mpya zaidi unamwacha nje mwenye Windows 7 kama ilivyokuwa zamani. Halafu kuna bando. Kikundi kinachokutana mara moja kwa wiki chini ya mwembe hakina sababu ya kulipia intaneti kwa daftari ambalo lingekaa kwenye faili moja.

Hoja yenye uzito dhidi ya kompyuta kuukuu ni usalama. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 8, 2014. Windows 7 ilifuata Januari 14, 2020, na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11 haikubali mashine nyingi za zamani, kwani inadai kumbukumbu ya GB 4, biti 64 na kifaa maalumu cha usalama ndani ya mashine. Maana yake ni kwamba kompyuta nyingi za Windows 10 zinazotupwa na ofisi za Ulaya na Ghuba zina kila sababu ya kuishia sokoni kwetu, zikiwa nzima kabisa lakini bila kinga mpya.

Mashine ya namna hiyo bado inaweza kutunza daftari la kikundi kwa miaka mingi, mradi haiunganishwi na intaneti, flashi zake zinakaguliwa, na faili la data lina nywila. Likiwa na taarifa za wagonjwa au madeni ya watu, uangalizi huo unageuka kuwa wajibu wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na haitofautishi kati ya seva ya benki na kompyuta ya mtumba iliyoko kwenye ofisi ya kata. Flashi yenye majina ya wakopaji ikisahaulika kwenye siti ya gari la Matombo, aliyeisahau ana la kujibu.

Kikundi chochote kinachotaka kununua programu, iwe Mwembesongo au juu milimani, kinaombwa kisimlipe fundi siku anapoionyesha kwenye kompyuta yake. Kimpeleke kwenye kompyuta mbovu kuliko zote kilizonazo, kisha aisakinishe bila intaneti. Karani aandike wanachama watatu, plagi ya umeme ichomolewe katikati ya yule wa nne, na kompyuta iwashwe tena. Wale watatu wakiwepo, tarehe ikiwa ya leo na kitufe cha kuhifadhi kikionekana, hapo mazungumzo ya bei yaanze.